Jinsi ya Kujenga Gari la Mita 402 Uani Kwako Bwera

Hongera. Umeamua kujenga gari la mbio za drag, lisilo na buti wala kiti cha abiria, ambalo safari yake nzima ni mita 402, yaani robo maili. Hapa Bwera, wilayani Kasese, Uganda, watu hutembea zaidi ya hapo kufuata chumvi. Kila jirani atakayechungulia uani atauliza swali moja: "Linabeba magunia mangapi?" Usijibu. Tutafika huko.

Hatua ya 1: Jua utakapokaa

Umechagua injini mbele, dereva nyuma. Mmarekani Mickey Thompson ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo huu mwaka 1954, alipokisogeza kiti hadi nyuma ya ekseli. Wamarekani wenyewe waliuita manati, na jiwe la manati hiyo ni wewe. Faida yake ni kwamba uzito hulalia tairi za nyuma, nazo zikaing'ang'ania lami. Hasara yake ni kwamba kila kinachoweza kulipuka kiko mbele ya uso wako, na difu iko katikati ya mapaja.

Machi 8, 1970, katika uwanja wa Lions, California, giaboksi ya dereva wa mbio hizi, Don Garlits, ililipuka wakati anaondoka. Gari lilikatika vipande viwili, na yeye akapoteza sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini mgongoni, akashinda, na wenzake wakamfuata. Wewe unaanzia pale alipokimbia yeye. Kwa hiyo zungushia klachi na giaboksi ngao ya chuma kinene. Hapo sitanii.

Hatua ya 2: Tafuta injini

Garlits alitumia Hemi ya Chrysler. Wewe utatumia 22R iliyotolewa kwenye Hilux mzee: silinda 4, lita 2.4, kabureta, nguvu za farasi kama 100, baadhi yao wakiwa wamestaafu. Muuza spea atakuapia: "Orijino, bosi, imetoka Japani juzi." Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yamepita kwenye gasketi. Mshukuru, kanywe chai ya kweli, urudi nyumbani.

Hatua ya 3: Chomelea chasisi

Mtaalamu wa kuchomelea aliye karibu nawe ni fundi wa mageti. Ni hodari, ila mwambie mapema kwamba hutaki maua. Mkatalie pia bomba za maji na vyuma vya kitanda, hata akikupunguzia bei. Chasisi iwe ndefu na nyembamba, kama mita tano, ili pua isinyanyuke unapoondoka.

Nyuma funga ekseli ya Hilux, kisha chomelea difu ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Gari halitapinda kona tena, lakini wewe kona unaitakia nini? Mbele weka rimu nyembamba kama za boda boda. Mwombe mwenyewe kwanza, usimngoje alale.

Hatua ya 4: Pata sauti sahihi

Kasese iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Mombasa haina habari hiyo; inaendelea kumwaga petroli ileile. Weka jeti ndogo zaidi, kimbiza, zima, kisha chomoa plagi uisome. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli imepungua na pistoni inaokwa. Unatafuta rangi ya karanga iliyokaangwa.

Taimingi isogeze mbele kidogo kidogo. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya debe, irudishe. Kufikia hapo watakuwa wamekusanyika mafundi sita ambao hawajawahi kuona gari la namna hii. Kila mmoja ana ushauri wake, na wote wana uhakika.

Hatua ya 5: Tafuta pa kukimbilia

Barabara ya Kikorongo hadi Mpondwe inatamanisha. Jizuie. Ina malori yanayowahi mpaka wa Kongo, ina mama mwenye mkungu wa matoke kichwani, na upande wa hifadhi ya Queen Elizabeth ina tembo asiyejua maana ya taa ya kijani. Njia ya kurukia ndege ya Kasese ndiyo ingefaa, ukipewa ruhusa kwa maandishi. Wakati barua inasafiri, tengeneza breki na parachuti. Mita 402 ni za kukimbia tu. Za kusimama zinahesabiwa kando, na ni nyingi zaidi.

Hatua ya 6: Jibu swali

Kabla ya ruhusa utafika msimu wa kahawa. Mzee mmoja atakukumbusha kwamba ng'ambo, Kivu Kaskazini, vijana wana chukudu, skuta ya mbao isiyo na injini mbele wala nyuma, inabeba magunia, na Goma wameisimamishia sanamu. Utanyamaza. Wiki hiyohiyo 22R itahamia kwenye mashine ya kukoboa ya shemeji yako, ambako itanguruma vizuri kuliko injini yoyote ambayo kijiji kizima kimewahi kusikia, kwa sababu plagi zake zina rangi ya karanga.

Itabaki chasisi, ndefu na nyembamba. Mkeo ataitandikia wavu, amwage kahawa juu yake ianikwe, asikuulize. Jirani atachungulia tena.

"Linabeba magunia mangapi?"

"Mawili," utamwambia, "yakitandazwa vizuri."