Jinsi ya Kuwa Nabii wa Mvua na Joto Juba Bila Kutoka Jasho

Mwenzangu, tuambiane ukweli: unataka kusikilizwa. Unataka ukipita soko la Konyo Konyo wauza mitumba wakusimamishe na kukuuliza, "Leo tuanue?" Hakuna aibu hapo. Mji huu una haja kubwa na watu wa aina yako, na sifa yenyewe inapatikana kwa bei rahisi. Mwaka wa Juba una sura mbili tu: dhoruba kuanzia Aprili hadi Oktoba, kisha jua kali kuanzia Novemba hadi Machi. Anayewatangulia wenzake siku mbili kutaja kinachokuja huitwa mwenye hekima. Fuata hatua hizi.

1. Iba kazi ya wataalamu.

Usijichoshe kukodolea mawingu. Mara tatu kwa mwaka wataalamu wa hali ya hewa wa kanda yetu hukutana chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii, kilichoko Kenya, wakatoa utabiri wa msimu: Machi hadi Mei, Juni hadi Septemba, Oktoba hadi Desemba. Mikutano hiyo ilianza mwaka 1998. Kuna pia utabiri wa kila wiki. Utabiri wote ni bure. Usome usiku ukiwa peke yako, kesho yake uutoe chini ya mwembe kama vile umenong'onezwa na upepo. Hakuna atakayekushtaki. Waliouandika wanakesha wakitafuta watu wa kuusambaza, nao watakushukuru kwa wizi huo.

2. Jifunze kushindwa kwa asilimia.

Nabii mchanga husema "kesho mvua." Isiponyesha, anachekwa mpaka mtaa wa Gudele. Wewe usiingie mtego huo. Utabiri wa msimu hugawa uwezekano mafungu matatu: mvua za juu ya wastani, za wastani, na za chini ya wastani. Tuseme mafungu hayo yamepewa 45, 35 na 20. Tamka hivi: "Msimu unaelekea kwenye mvua nyingi, kwa asilimia 45." Ukija ukavu, wakumbushe kwamba 55 zilikuwa upande wa pili. Umeshindwa, ila umeshindwa kitaalamu. Tena umemfanyia mkulima wema, kwa sababu aliyesikia namba zote tatu hamwagi mbegu zake zote ardhini kwa siku moja.

3. Amini saa kuliko macho.

Msimu wa mvua, anga safi la asubuhi huwadanganya wengi. Wanafua, wanaanika mihogo, wanapaka rangi kuta. Wewe unajua kinachoendelea: jua linapasha ardhi tangu asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, na wingu linakua juu ya vichwa vyao wakiendelea kuanika. Ndiyo maana dhoruba nyingi za hapa hupiga mchana au jioni. Kukiwa na fukuto saa nne asubuhi, sema kwa utulivu, "Ikifika saa nane, anueni." Usieleze zaidi. Utapatia mara za kutosha kupewa kiti kwenye kila kibanda cha chai.

4. Kimbia radi bila kuonekana unakimbia.

Najua hutaki kuonekana mwoga. Basi hesabu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu sekunde kwa sauti mpaka ngurumo ifike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, ondoka, na wote watakufuata wakidhani wako kwenye somo la fizikia. Hapa sina mzaha hata kidogo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, radi iliwapiga watu waliokuwa kwenye ibada. Walikufa 14 na kujeruhiwa 34, na kambi hiyo imejaa watu wetu wa Sudan Kusini. Kwa hiyo usiende chini ya mwembe, usiende kwenye rakuba, kile kivuli cha nyasi kisicho na kuta, wala kwenye kibanda cha mabati kilichosimama peke yake. Ingia jengo imara lenye kuta au gari lililofungwa vioo. Dereva wa bodaboda, shuka. Tokeni nje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, kabla ya hapo hapana.

5. Kwenye khor, pokea simu.

Mvua ikikatika, khor, yaani korongo la maji ya msimu, iliyokuwa kavu asubuhi inashuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake amesimama kijana anayekuita uvuke kama mwanamume. Weka simu sikioni. Sema, "Ndiyo, mheshimiwa, nasikiliza," na uendelee kusikiliza mpaka maji yapungue. Maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima. Aliyepokea simu hafi maji.

6. Upe uvivu wako cheo.

Mvua zimekwisha, sasa ndiyo kazi ya kweli ya nabii. Februari, joto la mchana Juba hufika wastani wa nyuzi 38, na siku mbaya hupita 40. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kuanzia tarehe 18 kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi hapa Juba kuzimia kwa joto. Madarasa mengi ni mabati matupu, hayana umeme wala feni. Sasa kama nchi nzima ilikimbilia kivulini, wewe ni nani ubebe saruji saa saba mchana?

Kuanzia saa sita hadi saa kumi, usifanye kazi ya misuli. Usiuite uvivu. Uite "ratiba ya kiangazi," iandike kwenye karatasi, ibandike ukutani. Anza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Kama wewe ndiye bosi, wahamishie mafundi wako saa hizo hizo. Watakusifu kuwa una utu, na hutalazimika kumbeba yeyote kati yao kumpeleka hospitali.

7. Shinda mabishano ya nyuzi kwa neno moja.

Kila kiangazi hutokea bwana mmoja mwenye picha kwenye simu: dashibodi ya gari imeonyesha 50. Usibishane naye. Muulize tu, "Kivulini?" Kipimajoto cha kitaalamu hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, jua lisikiguse. Gari lililoegeshwa juani linapima joto la gari. Bwana yule atanyamaza, na kiti chake kitahamia upande wako.

Ukishapewa kiti, toa siri ya feni. Joto likipita nyuzi 40, feni inakusukumia hewa ya moto mwilini. Lowesha shati au shuka kwanza. Februari hewa ya Juba ni kavu, maji hukauka haraka na kuondoka na joto, na hiyo ndiyo kazi ambayo mtungi wa udongo umekuwa ukiifanya kwenye kona ya nyumba tangu enzi za bibi zetu. Agosti usijisifu kwa mbinu hii, maana hewa ina unyevu na shuka itabaki imelowa tu.

8. Wanyweshe watu kwa hila.

Wanaume wa mji huu hawakubali kwamba wana kiu. Usiwaambie wanywe. Wakaribishe. Aliyeingia kwako apewe maji kabla ya salamu kwisha, akitaka asitake. Waliotoka jasho sana wachanganyie lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na uwaambie ni kinywaji cha wanariadha. Watamaliza na kuomba tena.

Lakini ukimwona mtu anaongea ovyo, anayumba na ngozi yake ni moto, acha hila zote. Huyo amepigwa na joto na anaweza kufa. Mwingize kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, na atafutwe usafiri wa hospitali wakati unaendelea kummwagia. Asiyejitambua usimnyweshe.

9. Nunua jina kwa jirikani moja.

Mwaka 2003 joto kali liliua watu zaidi ya 70,000 Ulaya, kwenye nchi zenye umeme na hospitali kila kona. Wengi walikuwa wazee, na wengi walikuwa peke yao majumbani. Basi chagua haboba, yaani bibi mzee, mmoja wa mtaani kwako asiye na vijana nyumbani. Kila asubuhi ya Februari na Machi mpelekee jirikani ya maji, mrudie saa nane mchana umsalimie na umsogeze penye hewa. Kina haboba hawajui kushukuru kwa sauti ndogo. Ndani ya wiki moja mtaa mzima wa Munuki utakuwa na habari zako, na yeye atakuwa hai.

10. Tumia sifa kabla haijaoza.

Sasa unasikilizwa. Usiimalizie heshima hiyo kwenye vibanda vya chai. Mwaka wa shule umekuwa ukianza Februari, joto linapopanda, na kuwarudisha watoto nyumbani kwa wiki mbili kunawanyima masomo, na hata huko nyumbani mabati ni yale yale. Kwa hiyo Januari ingia kwenye kikao cha wazazi ukiwa na utabiri mfukoni, simama, na uulize mambo matatu: maji ya kunywa yatakuwa wapi, kivuli kitajengwa lini, na kwa nini vipindi vya mchana visihamie alfajiri. Usikae chini mpaka kila swali lipate jina la mtu atakayelishughulikia.