Taa Ikishawaka

Mfanyakazi wa ofisini ni hodari wa kupima mwanga, ila hupima mara moja tu kwa siku: anapofungua mlango asubuhi.

Mtafiti wa Uingereza, D. R. G. Hunt, aliligundua hilo kwa kamera zilizopiga picha kila baada ya muda katika ofisi na madarasa, akachapisha matokeo mwaka 1979. Anayekuta chumba kina kiza huwasha taa. Akikuta nuru ya kutosha, mara nyingi huziacha. Hapo ni busara tupu. Lakini zikishawaka, hata jua lipande na mawingu yatawanyike, hanyanyuki mtu. Huzizima wa mwisho kuondoka, asiposahau.

Wasilaumiwe sana. Katika chumba cha watu wengi, kuzima taa kunataka ujasiri, kwani huenda mwenzako anasoma. Kuwasha hakuombi ruhusa ya mtu.

Kisha kuna pazia. Jua la mchana hufikisha laksi 100,000 nje, ilhali meza ya kuandikia, kwa viwango vya Ulaya, hutosheka na 500. Jua likipiga kioo cha kompyuta, pazia huteremshwa. Jua likihama, pazia halihami, na taa zinaendelea kung'aa juu ya mkutano wa kubana matumizi.

Wahandisi walijibu kwa vihisio vinavyozima taa pasipo na mtu. Navyo humhesabu aliyetulia kuwa hayupo, ndiyo maana katika ofisi za kisasa mhasibu huonekana jioni akipunga mikono hewani, peke yake.