Usiuziwe Mbuzi kwenye Gunia Lenye Magurudumu Mawili

Ukiwasikiliza madalali wa pikipiki, kila pikipiki iliyotumika nchini Tanzania ilikuwa ya mwalimu. Isipokuwa ya mwalimu ilikuwa ya nesi, na isipokuwa ya nesi ilikuwa ya mzee mstaafu aliyeendea msikitini Ijumaa na kurudi nyumbani kuifunika turubai. Haijawahi kubeba abiria, haijui mlima wala mvua. Sasa jiulize: zile bodaboda zinazopakia watu watatu na gunia la mkaa kila siku, zikichoka zinakwenda wapi? Zinakwenda kuoshwa, zinapakwa rangi nyeusi ya kopo kwenye eksozi, zinavishwa kava jipya la siti, halafu unaonyeshwa wewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hela ya kuungaunga: ya kikoba, ya mahindi yaliyouzwa, ya mafao ya baba. Hela ya namna hiyo haina ya pili nyuma yake. Ikizama kwenye injini mbovu au kwenye pikipiki ya wizi, kuna ada ya shule inayozama nayo. Kwa hiyo nitamcheka muuzaji pale anapostahili kuchekwa, na mnunuzi pale anapojitakia mwenyewe.

Mnunuzi hujitakia kwanza kwa kupenda namba. "Hiyo ni namba D, bosi, bado mbichi." Ile herufi inakuambia pikipiki ilisajiliwa lini, basi. Piga hesabu ndogo. Mtu anayeendea kazini kilomita 12 kwa siku, kwa siku 250 za kazi, anamaliza mwaka na kilomita 3,000. Bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku, kwa siku 300, anamaliza mwaka huohuo na kilomita 36,000. Herufi moja, na injini mbili zilizopishana umri kama babu na mjukuu. Na usikimbilie kusoma spidomita. Kwenye Boxer na wenzake wengi, kilomita huhesabiwa kupitia kebo nyembamba inayotoka gurudumu la mbele. Ikichomolewa, pikipiki inakwenda Morogoro na kurudi bila kilomita hata moja kuandikwa.

Soma raba badala yake. Angalia raba ya gia, ya pedeli ya breki, na ya kiki. Kisha inama uangalie mahali ambapo wauzaji wengi husahau: raba za miguu ya abiria. Zikiwa zimelika hadi chuma kinaonekana, huyo mwalimu alikuwa akibeba darasa zima. Pitisha mkono chini ya keria utafute alama za kulehemu. Keria haikatiki kwa kubeba daftari.

Kabla ya kugusa injini, omba kadi. Hapa nitakaa kidogo, maana injini mbovu inatengenezeka, lakini kesi ya polisi fundi haitengenezi. Bodaboda nyingi huendeshwa kwa mkataba: bosi ananunua pikipiki, kijana anaendesha na kupeleka hesabu ya siku au ya wiki, na baada ya mwaka na miezi kadhaa pikipiki inakuwa yake. Ni utaratibu mzuri, na umewapa mtaji vijana ambao benki isingewatazama mara mbili. Tatizo linakuja pale kijana anapobanwa na maisha katikati ya mkataba akauza kitu ambacho bado si chake. Kadi iko kwa bosi, au kwa kampuni ya mkopo ambayo imefunga kifaa cha GPS chini ya siti. Utalala na pikipiki, utaamka na nafasi yake.

Kwa hiyo ukiambiwa kadi iko Singida na itatumwa kwa basi, muage kwa heshima na uende zako. Ukipewa kopi, muage vilevile. Kadi halisi iwe mkononi mwako, jina lilingane na kitambulisho cha NIDA cha huyo anayekuuzia, kisha usome namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini kwenye ubavu wa injini. Zisome kwa macho na kwa kidole. Namba iliyogongwa kiwandani ina kina kinacholingana. Iliyosagwa na kugongwa upya ina sehemu laini kuzunguka tarakimu, au rangi mpya pale ambapo fremu nzima imechakaa. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Polisi uone faini ambazo hazijalipwa, maana deni hufuata namba. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nendeni pamoja TRA kubadili umiliki, na fungu la mwisho la hela lisitoke mfukoni kabla ya hapo. Muuzaji akikuita sheli saa moja usiku kwa sababu ana haraka ya safari, haraka hiyo ni yake. Mwambie mkutane nyumbani kwake, asubuhi.

Na asubuhi ina sababu ya pili. Mwambie muuzaji asiiwashe pikipiki mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya kumaliza salamu, sogeza kiganja karibu na bloku. Ikiwa inatoa joto, ujue imepashwa ili isikuaibishe. Mwambie utarudi kesho, na urudi kweli. Injini ya moto humsaidia muuzaji: inawaka upesi na inaficha shida ya kuwaka asubuhi. Injini ya baridi husema kila kitu.

Anza na kiki, kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa. Isukume taratibu. Injini nzima inakukatalia katikati, unasikia mgandamizo wa hewa ukiusukuma mkono wako nyuma. Iliyochoka inashuka tu hadi chini bila kubisha. Kisha iwashe na uende nyuma ya eksozi. Moshi mweupe mwembamba unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke, usiuogope. Mweusi maana yake inakula mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi kabureta na kichujio cha hewa humaliza shida hiyo. Wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka muda wote, ringi na bloku zimekwisha. Ukitoka pale tu unapoachia mafuta na kuyafungua tena, huenda ni sili za vavu, na hapo bei inazungumzika. Muuzaji atakuambia moshi huo ni "oili mpya inajizoesha". Oili haijizoeshi.

Fungua kifuniko cha oili, chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili penye jua. Ukiona chembe zinazometameta, hizo ni vyuma vya ndani vinavyotoka nje kidogo kidogo. Ikinuka petroli, kabureta inavujisha au ringi zinapitisha. Ikiwa nzito kama ya gia, imewekwa makusudi kunyamazisha mlio wa konirodi, na siku utakayoweka oili sahihi ndipo utausikia ukigonga.

Halafu inakuja ile sentensi inayopendwa kuliko zote: "Injini haijafunguliwa, bosi." Usibishane. Chukua tochi ya simu uangalie skrubu zinazoshika ubavu wa injini. Za kiwandani zina midomo iliyosimama. Zikiwa zimetafunwa midomo, na silikoni nyekundu imechungulia pembeni mwa gasketi, imefunguliwa na imefungwa na fundi wa haraka. Mimi siogopi injini iliyofunguliwa. Nikiambiwa ilifunguliwa lini, na fundi gani, ikafungwa pistoni gani, namheshimu muuzaji na ninaweza kununua. Ninachokataa ni kuambiwa uongo huku naumulikia tochi.

Yaliyobaki ni ya haraka. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Ukiganda katikati, gololi zimechimba. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia usikie kama bushi zimelegea. Gonga njiti moja moja kwa spana, ile yenye sauti ya kufa imelegea au imekatika. Tazama meno ya spoketi: yakiwa yamelala upande mmoja, hesabu seti nzima, spoketi mbili na cheni, maana cheni mpya juu ya spoketi kuukuu haidumu. Kagua shingo ya fremu kwa makini kuliko vyote. Rangi mpya pale tu, na si kwingine, inafunika ufa au ajali.

Sasa, uchague ipi? Watu hugombana kuhusu Boxer na TVS HLX kama Simba na Yanga. Zote mbili ni za India, injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, na uzuri wake mkubwa kwako wewe ni kwamba ikiharibika Nachingwea au Kibondo, spea ipo na fundi anaijua. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zina injini za ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Honda waliiunda wakilenga nchi ambako pikipiki hufanyishwa kazi kweli na haipati huduma ya mara kwa mara, wakaiwekea vijiti vya kusukuma vavu badala ya cheni ya taimingi. Ubunifu huo unastahili heshima. Tatizo la nakala zake ni chuma, maana ubora hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda. Kama fundi wako ni hodari na bei ni ndogo, CG iliyotunzwa si ya kudharauliwa.

Kuna na wale wenye moyo wa pikipiki kubwa za kulalia, zenye usukani mpana na silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V: Yamaha Virago, Honda Shadow, Harley-Davidson. Nawaelewa, mlio wake unatikisa kifua. Lakini kabla ya kulipa, zunguka Kariakoo na Gerezani ukiulizia raba ya ndani ya kabureta ya Virago, na uhesabu maduka yatakayokuelewa. Raba hiyo ikipasuka, pikipiki haivuti, na wewe utaanza kuagiza nje. Mtu wa namna hiyo anunue akiwa tayari ana chombo kingine cha kumpeleka kazini.

Ukishanunua, usiendeshe kwa furaha hadi kijijini kuonyesha. Wiki ya kwanza badilisha oili, plagi, kichujio cha hewa, na kebo za breki na klachi. Badilisha na swichi, kwa kuwa hujui funguo ya pili iko mfukoni mwa nani. Fungua ngoma za breki uzione breki shuu kwa macho yako.

Baada ya hapo matunzo si sayansi ya mbali, ni tabia. Oili ya Boxer ni kama lita moja tu. Mtu anayekataa kununua lita moja kwa wakati atanunua bloku, pistoni na ringi, tena atashinda kijiweni siku mbili bila kazi. Nunua ya kopo lililofungwa, kwenye duka linalojulikana. Usipake cheni oili chafu uliyoimwaga kutoka kwenye injini. Ina chembe za chuma na vumbi, inasaga badala ya kulainisha. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu katikati, si zaidi. Tapeti zipimwe injini ikiwa ya baridi, na fundi anayezipima ya moto mtafutie mbadala. Usitoe kichujio cha hewa eti pikipiki ipate nguvu: vumbi la barabara ya vijijini likiingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Na mafuta ya chupa kando ya barabara yaogope. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, lakini chupa ya soda mezani haina anayeipima.

Kofia ngumu haimo kwenye bei ya pikipiki, ila iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takribani asilimia 40 na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Hiyo ni kofia iliyofungwa kidevuni. Iliyoning'inizwa kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Na kama pikipiki umeinunua ili umpe kijana kwa mkataba, andika kwenye karatasi kwamba oili na breki ni juu yako wewe bosi. Mabosi wengi huviacha kwa kijana, wakadhani wameokoa hela. Kijana anayetafuta hesabu ya leo hatatoa hela yake kumwagia oili pikipiki ambayo bado si yake, nawe huwezi kumlaumu. Mpangie siku ya kuja na pikipiki, ikaguliwe na fundi mmoja yuleyule, na siku hiyo usimdai hesabu. Mnunulie kofia mbili, yake na ya abiria, na leseni ya daraja A aipate kabla hujamkabidhi funguo.