Namna ya Kuunda Kiumbe Mseto na Kikundi Kikabaki Salama

Msianze na sanamu ya kiumbe. Anzeni na katiba ya kikundi. Vyuma vilivyochomelewa bila katiba ni uchafu wa mtaa. Vikiwa na katiba ni mradi, na mradi una mwenyekiti, katibu, mhazini, mhuri na daftari la mahudhurio. Kama mko Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Bunju, pelekeni rasimu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye ndiye njia ya kufikia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mfumo ambao kocha yeyote wa ndondo ataukubali. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, kwa hiyo kuweni na subira. Na kwenye fomu msiandike "sanamu ya kiumbe mwenye mkia wa mamba". Andikeni "utengenezaji wa bidhaa za chuma". Afisa ni mwelewa, lakini naye ana bosi.

Kikao cha kuchagua wanyama ndicho kaburi la vikundi vingi. Kipangeni Jumapili asubuhi, kabla watu hawajala wakapata nguvu. Wa kwanza kunyoosha mkono atasema kichwa kiwe cha simba. Mwacheni amalize. Nusu ya wajumbe watanuna, kwa sababu mtaa mzima unajua simba ni wa nani, na watu wa Yanga, klabu ya 1935 iliyoitangulia Simba kwa mwaka mmoja na isiyochoka kukumbusha, hawatachangia hata shilingi mia kwa kichwa hicho. Dawa ni hii: kichwa cha simba, miguu ya chura. Wa Simba, pale Msimbazi, watafurahi kwa kuwa siku zote wamewaita wa Yanga vyura, sasa imeandikwa kwa chuma. Wa Yanga, pale Jangwani, watafurahi kwa kuwa simba, mwisho wa yote, amebebwa na Yanga. Katibu tu awe makini: kwenye muhtasari aandike "kiumbe", asiandike "Mnyama", jina la utani la Simba, wasije wakatokea wa kudai mradi umeshauzwa.

Mama wa chapati atataka shingo ya twiga, maana twiga ni wa taifa. Mpeni. Kijana wa bodaboda atataka mabawa. Mpeni, ila yawe ya kunguru, ndege ambaye Dar hahitaji kutambulishwa. Yasifanane hata kidogo na ya popo. Mtaani hamkosi mtu wa Pemba anayekumbuka 1995, watu walipolala nje kwa makundi wakimhofia shetani Popobawa, na hatafurahi kumkuta amesimama njia ya msikitini. Yule mjumbe ambaye hakuna anayemsikiliza atapendekeza mkia mzito wa mamba. Mwandikeni, tutamhitaji mbele.

Atatokea wa kusema kuwa kuchanganya wanyama ni uhuni wa vijana wa sasa. Mtajieni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa uchongaji wa shetani hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kuwa kinyago chake kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakichonga upya kikawa kitu kisichokuwa mtu wala mnyama, na kikapata soko kwa mfanyabiashara Mohamed Peera. Pale kwenye soko la vinyago la Mwenge mashetani wa ukoo huo wanauzwa mpaka leo. Angalieni lakini: Likankoa hakuwa na kamati. Angekuwa nayo, ule mkono ungeundiwa tume. Wamakonde wanao pia mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana. Ni mzuri sana, ila msiuige, kwa sababu kila mwanachama atataka kujua yeye ni yupi na kwa nini yuko chini.

Mpinzani akiwa msomi, mpelekeni Berlin. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyefukuliwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kusimamishwa kwenye jumba lao la makumbusho mwaka 1937, ana kimo cha zaidi ya mita 13, na mifupa yake si ya mjusi mmoja. Imeunganishwa kutoka kwa kadhaa, na fuvu lililoko juu ni la kuigiza. Jina lake la kisayansi, Giraffatitan, lina twiga ndani yake. Huo ni mradi wa kikundi, nao waliupatia jengo.

Vyuma msinunue dukani, nendeni kwa wauza skrepa. Mizani yao haijui uzuri: springi iliyopinda kama mgongo wa mamba ni bei sawa na springi iliyopinda tu. Kwa hiyo msionyeshe furaha. Mmoja wenu akiokota sproketi ya pikipiki akapiga kelele "jicho hili!", bei imeshapanda. Minyororo ya bodaboda itakuwa manyoya ya shingoni, mkiiosha kwanza kwa dizeli. Plagi ni meno. Nondo za milimita 12 ni mbavu. Bloku ya injini iacheni hata mkipewa bure, kwa sababu chuma cha kusubu kikichomelewa kwa vijiti vya kawaida hupasuka kikianza kupoa, na mtalaumiana mpaka Ramadhani. Mfuniko wa chemba, alama ya barabarani na kipande cha reli msiviguse, hata vikifanana na kifua cha simba kuliko simba mwenyewe. Vina mwenyewe, na mwenyewe ana sare.

Kwa fundi wa kuchomelea swali la kwanza si bei, ni LUKU ya nani. Mashine ile inakula uniti kama mgeni wa msiba, na mita ikianza kulia pii pii wakati mguu umeshikiliwa na vijana wawili, kila mmoja atakumbuka kuwa simu yake haina salio. Fundi atashauri miguu iwe mitatu, kwa kuwa kitu cha miguu mitatu hakichezi hata ardhi ikiwa na mabonde. Mjumbe atauliza ni chura gani mwenye miguu mitatu. Mjibuni: huyu huyu mwenye shingo ya twiga. Sasa shingo hiyo ikishawekwa, kiumbe ataanza kuinama mbele kama anayetafuta funguo, maana uzito wote lazima uangukie katikati ya miguu. Hapo ndipo mtakapomtafuta yule wa mkia wa mamba. Atakuwa ameshajitoa kwenye grupu la WhatsApp. Mrudisheni kwa heshima, na mkia ufungieni springi bapa za daladala.

Mabawa ni ya bati, na bati lina zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa jioni. Mafundi hunywa maziwa. Hayazuii chochote, lakini yaingizeni kwenye bajeti, yatakuwa kipengele pekee chenye risiti. Mabawa yenyewe fungeni kwa nati na bolti.

Rangi msiijadili. Hewa ya chumvi haisubiri kikao: brashi ya waya, redoksaidi, kisha kijivu. Nyekundu na nyeupe hapana, kijani na njano hapana, na sababu si mpira peke yake. Tuna uchaguzi kila baada ya miaka mitano.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi atachelewa, atavuta turubai, atasema, "Twiga mzuri sana." Pigeni makofi. Kufikia magharibi mtaa utakuwa umeshaamua kuwa mmejiunga na frimasoni, kwa hiyo sheikh na mchungaji wapeni viti vya mbele mapema, wapigwe picha wakicheka.

Usiku huo huo wekeni mlinzi, kwani kwa jicho la mtu wa mizani hicho si kiumbe, ni kilo zilizosimama. Ila mchunguzeni. Msanii George Lilanga alipofika Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972, aliingia kama mlinzi wa usiku. Kufikia 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington, na mashetani wake wenye masikio makubwa wakazunguka dunia. Mkimkuta wenu saa nane za usiku anachora nyuma ya daftari la zamu, mpeni uenyekiti mapema, kabla hajaanza kutafuta mlinzi miongoni mwenu.