Sharti la Mama kwa Gari la Mzee

Ruhusa ya kuligusa gari la marehemu baba mkwe ilitoka kwa mama mkwe, na ilikuja na sharti moja: lisikatwe popote. Kunyoosha bodi, sawa. Kupiga rangi, sawa, mradi ibaki ileile ya samawati mpauko. Mume wangu akaitika, "Sawa, Mama." Mdogo wake naye akaitika, lakini macho yake yalikuwa kwenye magurudumu ya nyuma.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, saluni, gia kwenye usukani. Lilianza kuuzwa 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ndiyo maana lina yale mapezi mawili nyuma na ubavu ulionyooka kutoka taa ya mbele hadi ya mwisho. Sisi wa rika langu tulilikuta limeshazeeka. Wa rika la mama mkwe wanalikumbuka kwa ushindi: 404 zilichukua mbio za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile miaka miwili ya katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell pembeni yake. Mzee alinunua la kwake baadaye, likiwa limeshatumika, na mpaka anafariki hakukubali kuliuza.

Tunaishi Tanga, na hewa ya bahari haina huruma na bati. Kutu la 404 huanzia kusikoonekana, pale mabati mawili yanapokutana juu ya gurudumu, tope linapoingia na kukaa. Kazi ya kwanza ilikuwa hiyo, kukwangua na kusugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Shemeji aliifanya kwa moyo, lazima niseme. Lakini alikuwa na picha kwenye simu, magari ya zamani yaliyopanuliwa madigadi, matairi mapana yametokeza nje, na kila jioni alimwonyesha kaka yake.

Mimi nafundisha fizikia, na nilimweleza kwa nini sikubaliani naye. 404 haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba uzito wote. Digadi la nyuma limeunganishwa na bati la ndani kwenye ukingo wa gurudumu, na ukingo ule ndio unaozipa nguvu pande zote mbili. Ukiukata, umelegeza ubavu na umefungulia maji njia. Tena kilichokatwa hakirudi. Taa, bampa, viti, hivyo vyote hufungwa kwa bolti, na mjukuu akitaka siku moja kuvirudisha vilivyokuwa atafungua na kufunga. Bati lililokatwa linamwachia mjukuu tundu. Shemeji alinisikiliza kwa adabu.

Mama akaenda Pangani kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa. Tuliporudi kazini siku hiyo, mume wangu na mimi, tulikuta fundi kijana anakunja waya wa mashine yake ya kukatia, na digadi la kushoto limeondolewa kipande cha umbo la hilali, upana wa kiganja. Mume wangu hakupaza sauti. Alimlipa fundi nauli, akafunga banda, akatia ufunguo mfukoni. "Kesho tutaona," alisema. Walichopanga ni kutafuta fundi mwingine kabla Mama hajarudi.

Mama alirudi kesho yake asubuhi, dada yake amepata nafuu. Hakwenda bandani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kuku, kama afanyavyo kila akirudi safari, kuwahesabu. Ubao wa mlango wa kibanda ulikuwa umeoza, na yule fundi kijana, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameuziba mlango kwa kipande cha bati alichokiona hakina kazi. Kilikuwa cha samawati mpauko.

"Hiki ni cha nini?"

"Mama, tulitaka kulipendezesha kidogo," shemeji akasema.

"Nimeuliza ni cha nini."

"Cha digadi, Mama."

Akakiinua, akakifuta kwa upindo wa khanga, akaingia nacho chumbani na kufunga mlango. Mchana hakula nasi. Usiku nilimpelekea uji, akaupokea, akaniambia, "Wewe mwanangu huna kosa. Waambie wenzio kipande kiko kwangu, na atakayekipata ni fundi, si wao."

Fundi aliyekipata alitoka Ngamiani, mzee aliyenyoosha Peugeot tangu ujana wake. Mama alimkabidhi kipande mkononi, wanawe wakiwa wamesimama pembeni. Na kazi ya mzee yule ningependa kila kijana mwenye mashine ya kuchomelea aione. Bati la gari ni jembamba. Ukilichomelea mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, joto linalivuta na ubavu wote unapinda mawimbi. Yeye alitia nukta moja mbele, akahamia nyuma, akatia nukta, akahamia katikati, akasubiri papoe, akitumia muda mwingi kusubiri kuliko kuchoma. Nukta zilipokutana alishika nyundo kwa nje na chuma kizito kwa ndani, akawa anagonga polepole huku kiganja cha mkono mwingine kikipita juu ya bati kutafuta kinundu ambacho jicho halikioni. Puti aliyoipaka ilikuwa nyembamba sana. Puti nene ni aibu iliyofichwa. Hupasuka, na chini yake kutu linaendelea kula.

Alipokuwa anasafisha upande wa ndani ili apake praima, alimwita Mama. Chini ya lami ya zamani palikuwa na kiraka kilichofungwa kwa ribiti, kimekatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, na herufi chache za kampuni bado zinasomeka. Mama akainama akatazama kwa muda.

"Hii kazi ya Mzee," akasema. "Alinificha."

Sauti ilikuwa imelainika, na siku ile ndipo alipotueleza habari za taa. Watu wa wakati ule walizipenda zile taa za ziada za magari ya Safari, na Mzee aliwahi kufunga mbili mbele ya bampa. Akaziondoa kwa sababu dainamo haikuzimudu. Gari likisimama na injini ikiunguruma taratibu, taa zote zinafifia. Mume wangu akalala chini ya bampa akavikuta vishikio viwili, vimeshika kutu lakini vizima.

"Basi taa fungeni," Mama akasema. "Hizo zilikuwepo."

Kwa kauli hiyo shemeji alifufuka. Kabla hata ya zile mbili za bampa, akabadilisha globu za taa kubwa, akatia za wati 100. Hesabu yake ni nyepesi: wati 100 kwa volti 12 ni ampia nane na zaidi kwa kila globu, mbili zinakaribia 17, na umeme wote huo kwenye gari la zamani unapita kwenye swichi ndogo ya dereva. Tulikuwa tunatoka Muheza magharibi imeshaingia, Mama kiti cha nyuma ameshikilia sufuria la pilau tulilopewa, ndipo plastiki ikaanza kunuka. Moshi ukatoka chini ya dashibodi. Mume wangu akazima kila kitu na kuliingiza gari kando, Mama akashuka na sufuria lake bila kumwaga punje. Tuliburutwa hadi nyumbani na lori la jirani.

Hapo kazi ya waya nikaichukua mimi. Kwa zile globu za kawaida, injini ikiwaka, nilipima volti 13.5 kwenye betri na 11.1 kwenye taa. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zinapotea kwenye waya mwembamba na viungo vilivyooza, na mwanga wa globu hushuka haraka kuliko volti. Kwa upotevu huo unabaki karibu nusu. Kumbe Mzee miaka yote hiyo aliendesha usiku kwa nusu ya taa. Tukafunga altaneta mahali pa dainamo, tukavuta waya mnene kutoka kwenye betri wenye fyuzi yake, tukatia rilei, ili swichi ibaki na kazi ya kuamrisha tu na umeme wenyewe upite njia nyingine. Globu zikarudi wati 55 na 60. Mwanga ukawa mkubwa kuliko ule wa wati 100.

Ikaja taabu ya vioo. Binamu yao aliyeko Ufaransa alituma taa kubwa mpya, za kupendeza, na kila tulipotoka usiku magari ya mbele yalituwashia kwa hasira. Usiku mmoja tukaliweka gari mita chache kutoka ukuta wa jirani, Mama akashika utepe, mimi chaki. Mwanga wa chini wa taa kubwa huwa na mstari wa juu ulionyooka, kisha unapanda upande mmoja, ule wa ukingo wa barabara, ili umwone mpita kwa miguu. Ukutani ulipanda kulia. Ufaransa huendesha kulia, kwa hiyo ni sawa kwao. Sisi tunaendesha kushoto, na kulia kwetu ndiko anakotoka mwenzio. Taa za nchi kama yetu huwa na mshale mdogo kwenye kioo. Hizi hazikuwa nao. Jirani alitoka kuuliza kwa nini chumba chake kimekuwa mchana. Alipoelezwa, alikwenda kuitazama pikipiki yake. Tukatafuta zenye mshale, tukazipata, mstari ukapanda kushoto.

Limebaki jambo moja ambalo bado tunabishania. Ndani ya kifurushi cha binamu mlikuwa na globu za njano. Ufaransa magari yalilazimishwa kuwa na taa za njano tangu 1937 hadi 1993, na shemeji anasema 404 isiyo na njano haijakamilika. Mimi nasema rangi ile inapunguza mwanga, na barabara ya Segera usiku ina ng'ombe. Mama amesikiliza pande zote. Ameamua njano ziingie kwenye zile mbili za bampa, kubwa zibaki nyeupe, na shemeji amtengenezee mlango wa kibanda cha kuku kwa mbao mpya kabla hajagusa waya wowote.