Amekatwa na Senti Tano

Nesi wa zahanati aliniuliza nimekatwa na nini, nikamjibu kweli tupu: senti tano. Akanitazama juu ya miwani, kalamu ikabaki hewani.

"Kisu?" akajaribu kunisaidia.

"Hapana, dada. Senti tano. Ile ya samaki."

Benchi zima nyuma yangu likanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akilia kwa homa aliona bora aahirishe kidogo. Nesi akaandika maneno mengi kuliko niliyomwambia, na mpaka leo sijui aliandika nini, ila aliponidunga sindano ya pepopunda alinipa pole nzito, ya kufiwa, si ya kidole gumba.

Samaki mwenyewe hana hatia. Aliyenikata ni patasi nyembamba kama penseli, ambayo mkono wangu wa kulia uliisukuma kwa bidii wakati mkono wa kushoto umekaa mbele yake kama mgeni anayesubiri chai. Nilikuwa nachonga. Wenzangu wa rika hili wamechagua bao, wamechagua kufuga kuku wa mayai. Mimi nimechagua kutia nakshi kwenye sarafu.

Maradhi haya yalinipata kwa simu. Usiku mmoja nilimwona mzee wa Kimarekani akichonga sarafu ya senti tano ya kwao, na kabla ya kulala nilikuwa nimeshajua ukoo mzima wa jambo hilo. Sarafu hiyo ilitengenezwa kuanzia 1913 hadi 1938: upande mmoja nyati wa kwao, upande wa pili kichwa cha Mhindi Mwekundu. Aliyeisanifu, James Earle Fraser, alikifanya kichwa kile kikubwa hata kikaijaza sarafu, na shavu likawa na nyama ya kutosha. Basi watu waliokuwa wakizunguka Marekani kutafuta vibarua, wakidandia treni za mizigo bila tiketi, walioitwa hobo, wakaona pana kazi ya kufanya. Kwa kisu cha mfukoni, msumari na subira, yule Mhindi anaota ndevu, anavishwa kofia ya duara, anakuwa mzungu fulani mwenye madeni. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, sarafu iliyochongwa iliweza kubadilishwa kwa sahani ya chakula au mahali pa kulala. Senti tano inaingia mkononi, inatoka ikiwa chakula cha jioni. Nikasema hii ndiyo benki yangu.

Mabingwa wawili wanatajwa kuliko wote: Bertram Wiegand, aliyejulikana kwa jina la Bert, na mwanafunzi wake George Washington Hughes, ambaye wenzake walimwita Bo. Mwaka 1957 patasi ilimteleza Bo ikamjeruhi mkono, na wajuzi wanasema kazi zake za baada ya hapo hazikuwa zile tena. Habari hiyo niliisoma nikiwa na bandeji. Nilijiona nimeingizwa kwenye ukoo.

Tofauti ni kwamba Bo alikuwa na kazi nzuri kabla ya ajali.

Tanga sarafu za kuchonga si tatizo. Nyati hata sisi tunaye, kwenye mia tano iliyotoka 2014, lakini sheria hairuhusu kuharibu fedha ya nchi, na upande wa pili yupo Mzee Karume. Sikutaka kueleza mbele ya mtu yeyote kwa nini nilikuwa nimeshika patasi karibu naye. Tena mia tano ile ni chuma kilichovikwa nikeli, ncha itavunjika kabla nyati hajashtuka. Nikalikumbuka kopo la maziwa aliloacha marehemu mama, limejaa ndururu za samaki, sumni za sungura na shilingi za mwenge, fedha za enzi za Mwalimu ambazo leo ukimpa muuza karanga atakuuliza una mgonjwa nyumbani. Ndururu ni shaba nyekundu, laini kiasi. Sumni na shilingi za zamani ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kama ile ya Bo. Upande wa Mwalimu sikuugusa. Mtu huwezi kumfugisha ndevu Baba wa Taifa halafu ukalala usingizi.

Baada ya kidole kupona nilikwenda kwa mjomba, aliyekuwa sonara miaka yake yote mpaka macho yalipomkataa. Nilimwamkia, nikamwonyesha ndururu yenye damu. Akaipapasa.

"Uliishika na nini?"

"Na vidole, mjomba."

Alicheka mpaka shangazi akatoka jikoni kuangalia. Kisha akanipa somo. Sarafu haishikwi, inagandishwa. Unachukua lakiri, unaipasha moto ilainike, unaimwaga juu ya kigogo, unaizamisha sarafu ndani yake. Ikipoa inaing'ang'ania kama deni. Kigogo unakibana kwenye jiliwa. Patasi inakaa ndani ya kiganja, kidole gumba kinatangulia kuwa breki, na kigogo ndicho kinachozungushwa, si mkono. "Na ule mkono mwingine," akamalizia, "usikae mbele ya ncha. Hata ukiitwa."

Yote niliyashika. Ambacho mjomba hakusema, na mimi sikuuliza, ni kwamba lakiri ina chombo chake. Mimi niliiyeyusha kwenye kikaango cha chapati.

Sitaki kurefusha habari hii kwa sababu bado tunaishi nyumba moja. Itoshe kusema kwamba asubuhi yake chapati zilitoka zikinukia kama bahasha za mahakama, na shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, alikula mbili kwa heshima. Jiliwa likahamishwa kutoka meza ya chakula kwenda kibarazani. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Huko kibarazani ndiko nilikomtengeneza yule sungura. Nilitaka sungura wa hadithi, mjanja, amevaa kofia ya kiua na miwani, nikachukua sumni ya mwaka 1966. Kofia ilienda vizuri. Kofia ilikuwa nzuri mno, nikanogewa, nikasema nikwangue kidogo tu nyuma yake ionekane imesimama, na hapo patasi ikapita ikaondoka na sikio. Sungura wa sikio moja ni panya. Nikakata na la pili kwa ajili ya usawa. Akawa kiboko mwenye kofia. Watoto wa mtaa walikuja kumwona kwa zamu, na bibi anayekaanga maandazi kwenye kona akanitumia salamu: "Mwambieni fundi, sungura wangu bado ana masikio, asije."

Kilichoniokoa nyumbani ni Mrusi. Kuna fundi anaitwa Roman Booteen, ambaye mwaka 2017 dola moja ya fedha aliyoichonga, yenye mtego mdogo unaofyatuka kweli ukigusa chambo cha dhahabu, iliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Nilimsomea mama watoto habari hiyo polepole. Akaniuliza hiyo ni shilingi ngapi. Nikamtajia. Jioni ile nililetewa chai kibarazani, na taa nzuri.

Chini ya taa hiyo nilichonga kitu changu cha kwanza kinachofanana na kile nilichokusudia. Nilichukua shilingi ya mwenge. Nikautazama ule moto siku mbili nikaona makuti. Mpini ukawa shina, nikauinamisha kidogo kama minazi ya ufukweni inavyoinama, nikaweka madafu matatu (la nne lilikuwa kosa, nikaligeuza ndege). Nilifanya kazi wiki tatu. Niliisugua kwa msasa mwembamba, kisha kwa majivu na kitambaa, ikang'aa. Nikawa natembea nayo mfukoni, kila baada ya hatua kumi naipapasa.

Sasa, shilingi ile na mia tano ya leo zinakaribiana sana kwa ukubwa, na rangi ni ileile. Nilijua. Jumanne umeme ulikatika, nikatumwa kona kununua maandazi mawili. Mia nne. Nikaingiza mkono mfukoni gizani, nikatoa mia tano, nikarudishiwa mia, nikaenda zangu. Umeme uliporudi nikapapasa mfukoni nikamkuta nyati.

Usiku huo sikulala, na si kwa uchungu wa mnazi peke yake. Nilikuwa nimesoma sheria ya Marekani: anayechonga sarafu kujifurahisha hana kosa, mwenye kosa ni anayeibadili kwa nia ya kudanganya. Mimi nia sikuwa nayo, lakini maandazi nilikuwa nimeshayala.

Alfajiri nikawa wa kwanza pale kona. Nikamwamkia bibi, nikamwekea mia tano halali mbele yake, nikamweleza kwamba jana, kwa bahati mbaya, nilimpa shilingi moja.

"Ile ya mnazi?" Akafungua fundo la kanga, akaitoa, akaielekeza kwenye mwanga wa jiko. "Nilidhani ni mpya ya serikali. Nikasema safari hii wametukumbuka watu wa pwani."

"Niliichonga mimi, bibi."

"Wewe? Wewe wa yule sungura?"

Nikamwonyesha kovu. Akalitazama kovu, akautazama mnazi, akavitazama tena vyote viwili. Kisha akaifunga shilingi yangu kwenye kanga, akakaza fundo kwa meno, na ile mia tano akaisukuma irudi upande wangu.

"Hii siitoi. Ukiwa na nyingine kama hii, lete. Nitakupa maandazi manne na chai."

Nikamuuliza kama ndege anaweza kuwa wawili.