Kilomita za Kangomba: Waraka kwa Waandaaji wa Mbio za Nachingwea na Ruangwa

Waheshimiwa wanakamati,

Kabla ya yote nawapongeza. Fulana zenu zina rangi ya kuvutia. Medali zina uzito. Hema la mgeni rasmi lilisimama imara hata upepo ulipovuma, na muziki ulisikika mpaka kwenye mikorosho. Kitu kimoja tu hakikufika uwanjani siku ya mbio, nacho ni kilomita 21.

Msidhani nina chuki. Niliuliza njia ilipimwaje nikajibiwa kwa uungwana kabisa: mmoja wenu aliipita kwa gari, dereva akasoma dashibodi. Sina shaka na uaminifu wa dereva, shaka yangu iko kwenye tairi. Tairi likichakaa mzingo wake hupungua, linazunguka mara nyingi zaidi kufika palepale, na dashibodi inahesabu umbali usiokuwepo. Pengo la asilimia 2 hamtaliona kwa macho, lakini kwenye nusu marathoni linafika zaidi ya mita 400. Halafu gari linafuata upande wake wa barabara, wakati mkimbiaji anakata kila kona anayoachiwa. Makosa hayo mawili yanavuta upande mmoja: njia inazidi kuwa fupi.

Wapo kati yenu walionionyesha simu. Simu haipimi barabara, inampima aliyeishika: alivyoyumba, alivyovuka kufuata maji, na jinsi ishara za satelaiti zilivyotangatanga chini ya miembe. Watu mia wakikimbia njia moja na saa zao mkononi, mtapewa majibu mia. Kwenye njia iliyopimwa sawasawa, saa nyingi husoma zaidi ya kilomita 21.1. Ndiyo maana ilinishangaza kuona saa zote kwenye mbio zenu zikisoma pungufu, na mshereheshaji akizisifia spidi zetu.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kila mtu Ruangwa na Nachingwea anaijua kangomba: mnunuzi wa korosho anapita kijijini kabla ya msimu na bakuli lake, bakuli linameza zaidi ya kilo na kuitwa kilo, na mkulima mwenye shida anauza. Kwenye ghala la chama cha msingi mizani ikicheza kidogo tu, mkutano hauishi mpaka giza, na habari inafika kwa chama kikuu cha ushirika, RUNALI, kabla gunia halijashonwa. Mkulima akipunjwa analalamika. Mkimbiaji akipunjwa anashangilia! Amevunja rekodi yake mwenyewe, anapiga picha na medali, anarudi nyumbani akiwasifu. Njia fupi haina mlalamikaji, na nadhani ndiyo sababu imewatulia miaka yote hii. Kama mngekosea upande wa pili mkatuongezea kilomita moja, mngeandamwa kabla hamjakunja hema.

Anayelipa deni ni mwingine. Chukueni kijana wa Mbekenyera au Naipanga, miguu myepesi, hana kocha. Anamaliza nusu marathoni yenu kwa saa 1 na dakika 5, na wilaya nzima inamwambia ameiva. Anachangiwa nauli kwenda kukimbia Moshi au Dar es Salaam, anatumia saa 1 na dakika 7, anarudi ameinama. Wanasema amekunywa, amependa, amelegea. Hakuna anayesema kwamba mita 400 kwa mwendo wake ni zaidi ya dakika nzima, na kwamba dakika hiyo alipewa na tairi bovu.

Msihuzunike kwamba aibu hii ni yenu peke yenu. Mwaka 1981 Alberto Salazar alimaliza New York Marathon kwa 2:08:13, ukatangazwa kuwa muda bora duniani. Njia ilipopimwa upya ikakutwa imepungua mita 148 hivi, na rekodi ikayeyuka. Uingereza, marathoni ya Manchester ilikimbiwa 2013, 2014 na 2015 ikiwa pungufu kwa mita 380, na maelfu ya watu wakaambiwa muda wao hautambuliki. Tofauti ni kwamba wenzenu walirudi kupima, kisha wakasema.

Nao walipima kwa baiskeli. Naam, baiskeli, chombo ambacho wilaya hizi mbili hazijawahi kukikosa. Mwingereza John Jewell aliiweka mbinu hiyo sawa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ted Corbitt akaieneza Marekani, na mwaka 1971 Alan Jones na mwanawe Clain wakatengeneza kihesabio kidogo cha kufunga kwenye gurudumu la mbele, ambacho kila namba yake ni karibu sentimita 10 za barabara. Hadi leo Shirikisho la Riadha la Dunia linautegemea utaratibu huo.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Tafuteni kipande kilichonyooka, tuseme kwenye lami ya Ruangwa kwenda Nanganga, mkipime mita 300 au zaidi kwa tepu ya chuma, na kila mwisho mpigilie msumari. Mwendesha baiskeli akipite mara 4 akiandika namba, ili ijulikane kilomita moja ni hesabu ngapi za gurudumu lile, siku ile. Kisha aende kwenye njia ya mbio, afuate mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuukanyaga, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona. Kwenye barabara ya vumbi ukingo ni mabishano, kwa hiyo wekeni koni, na siku ya mbio ziwe palepale zilipokuwa siku ya kupima. Kwa kila kilomita ongezeni mita 1 ya tahadhari, yaani mita 21 kwa nusu marathoni, ili hata mkikosea msikosee upande wa ufupi. Mwisho arudi kwenye misumari, mara 4 tena. Hilo la mwisho ndilo watu hulikwepa, na ndilo la maana kwetu: saa kumi na mbili asubuhi tairi ni baridi, saa nne jua la kusini limeshaipasha hewa ndani yake, tairi limenenepa na hesabu zimebadilika.

Hata tepu ya chuma hurefuka kwa joto. Imetengenezwa iwe sahihi kwa nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30, mita 300 zinakosewa kwa sentimita 3 na nusu hivi. Chekeni, lakini mwaka 2025 jijini Tokyo Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu ya dunia baada ya kilomita 42.195, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde.

Wa Nachingwea nawaongezea neno, kwa kuwa ninyi mmeyaona makadirio zaidi ya wengine. Mwaka 1947 walikuja wataalamu na mpango wa karanga, wakasafisha pori, wakaleta reli toka pwani kubeba mavuno waliyoyahesabu mezani. Mavuno hayo hayakutimia, reli ikaja kung'olewa, tukabaki na kata inayoitwa Stesheni.

Ombi langu ni dogo. Baiskeli ipo, na vijana wa kuiendesha wapo. Tepu ya chuma ya mita 50 haitafikia gharama ya maua ya meza kuu. Cheti cha vipimo kibandikwe pale tunapochukulia namba za kifuani, kikiwa na jina la aliyepima, tarehe, na ramani ya koni. Nikijibiwa kabla fulana za mwakani hazijachapishwa nitashukuru, maana neno "21 KM" litakaa kifuani pangu mchana kutwa.

Wenu katika riadha,
Mkimbiaji wa kundi la katikati

Nakala: Dereva wa gari la kupimia, kwa taarifa. Mgeni rasmi, iwapo atapenda kujua alizindua mbio za umbali gani.